Neno "yet" likigoma: dalili, sababu na namna ya kulirekebisha

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeandika au kuzungumza Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili, na neno "yet" humponyoka kila mara. Ama analiweka pasipofaa, ama anaweka "still" mahali pake, ama analitumia sawasawa kisarufi lakini msomaji akaelewa jambo jingine. Makosa yaliyomo humu ni yale yanayojirudia kwenye barua pepe, insha, fomu na majibu ya usaili. Nimeyapanga kwa dalili, yaani kwa jinsi sentensi inavyoonekana au kusikika ikishaharibika. Anzia kwenye dalili inayofanana na yako. Si lazima usome zote.

Kabla ya kugusa chochote, fanya kipimo kimoja. Jiulize: jambo ninalolisema linaendelea, au linangojewa? Likiwa linaendelea, neno lako ni "still". Likiwa halijatokea na kuna anayetarajia litokee, neno lako ni "yet". Kiswahili hakitulazimishi kujiuliza hivyo, kwa kuwa "bado" hubeba yote mawili: "bado anakula" na "bado hajala". Kwetu tofauti hukaa ndani ya kitenzi, katika ile -ja- ya kukanusha. Kiingereza huitoa nje ya kitenzi na kuipa neno lake. Makosa mengi hapa chini yanatokana na hilo, na mengi yataisha kwa kipimo hicho peke yake.

Dalili ya kwanza: umeulizwa kama umemaliza, umejibu "Still", na aliyeuliza anaendelea kukungoja useme

"Have you finished?" "Still." Kwa Kiswahili, "Bado" ni jibu kamili, hakuna cha kuongeza. Kwa Kiingereza, "Still" hapo halijibu kitu. Msikilizaji anadhani umeanza sentensi na utaimalizia.

Sababu kubwa ni kwamba wengi wetu tulifundishwa "still" kuwa ndiyo "bado" tangu darasa la mwanzo, na hatukuonyeshwa upande wa pili. Sababu ndogo ni haraka: kichwani kuna neno moja, na mdomoni linatoka neno moja.

Tiba ni "Not yet". Maneno mawili yanayotembea pamoja. "Yet" bila "not" haliwezi kuwa jibu. Kama unataka kueleza kwamba mkono uko kazini, sema "I'm still working on it", kwa maana sasa unazungumzia kinachoendelea. Na mtu akikuuliza "Are you still working?", unaweza kujibu "Yes, still", kwa kuwa swali lenyewe ndilo limelileta neno hilo.

Dalili ya pili: "I have not still received the letter"

Hii ndiyo ninayoomba uishughulikie kwa utulivu, maana marekebisho yake yana hatua mbili na watu wengi huishia ya kwanza.

Kagua mpangilio wa maneno kwanza. Tafuta "not" katika sentensi yako. "Yet" hukaa mara baada ya "not", au mwishoni kabisa: "I have not yet received the letter", "I have not received the letter yet". "Still" hukaa mbele ya kitenzi kisaidizi kilichokanushwa: "I still have not received the letter". Kwa hiyo "have not still received" limevunjika kwa sababu "still" limekalia kiti cha "yet".

Kosa linalofuata kwa wingi ni kulipachika "yet" kati ya kitenzi na kinachotendwa: "I have not received yet the letter". Kiswahili kinaruhusu "sijapokea bado ile barua" bila shida, ndiyo maana kosa hili halisikiki vibaya sikioni mwetu. Kiingereza hakipendi kitu kuingia kati ya "received" na "the letter". Sogeza "yet" mwishoni, au lirudishe karibu na "not". Sentensi ikiwa ndefu, chagua karibu na "not", la sivyo "yet" litafika mwishoni wakati msomaji ameshasahau lilikotoka: "I have not yet received the letter you promised to send after our meeting".

Mara chache zaidi utakuta yote mawili pamoja: "I still haven't received it yet". Katika mazungumzo husikika, hata kwa wenyeji wa lugha hiyo. Katika maandishi ondoa moja.

Sasa hatua ya pili, ambayo ni ya maana zaidi. Ukishapata mpangilio sahihi, bado una sentensi mbili sahihi zisizolingana kwa sauti:

- "I haven't received your reply yet." Unaarifu. Jibu linangojewa, hakuna aliyekosa.
- "I still haven't received your reply." Unalalamika. Muda umepita, na unamwambia mwenzako kwamba umeuona ukipita.

Kwa Kiswahili "bado sijapata jibu lako" inaweza kuwa upole au ukali kutegemea sauti na uso. Barua pepe haina uso. Mtu anayemwandikia mwajiri mtarajiwa "I still haven't received your reply" huku akidhani ameandika kwa adabu amejiharibia pasipo kujua. Tumia "yet" unapouliza mara ya kwanza. Iache "still" kwa siku ambayo kweli unataka subira yako iliyokwisha ionekane. Siku hiyo itafanya kazi vizuri sana.

Jambo la mwisho hapa: "Still" ikianza sentensi na kufuatwa na koma, haizungumzii wakati tena. "Still, I have not received it" ni "hata hivyo, sijaipokea".

Dalili ya tatu: umeulizwa "Haven't you paid yet?", umejibu "Yes", na wameandika kwamba umelipa

Sababu ni moja, na ni nzito. "Ndiyo" yetu humkubalia msemaji: "Hujalipa bado?" "Ndiyo, sijalipa." Yaani, ulivyosema ni kweli. "Yes" ya Kiingereza haimjali msemaji. Inathibitisha tendo lenyewe. "Yes" hapo ni "nimelipa". "No" ni "sijalipa". Maana zinageuka juu chini.

Kinga rahisi: usijibu swali la kukanusha kwa neno moja, kamwe. "No, I haven't." "Yes, I have." Ukiona unachanganyikiwa katikati ya mazungumzo, acha "yes" na "no" kabisa na utaje jambo lenyewe: "I haven't paid yet." Hakuna atakayekuelewa vibaya.

Ukiwa wewe ndiye muulizaji, na unayemuuliza anafikiri kwa Kiswahili, usimtegee mtego huu. Uliza "Have you paid?"

Simama hapa na uite mkalimani ikiwa swali kama hili linaulizwa hospitalini, polisi, mahakamani au kwenye mahojiano ya uhamiaji. Chukua mgonjwa anayesubiri nusukaputi. Anatakiwa awe hajala, kwa sababu chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda akiwa amelala na kuingia mapafuni. Muuguzi anauliza, "You haven't eaten yet, have you?" Mgonjwa aliyekula anajibu "No", akimaanisha "hapana, si kweli, nimekula". Muuguzi anasikia: hajala. Sarufi haina nafasi ya kujifunzwa hapo mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mgonjwa ana haki ya kueleweka, na mkalimani aliyefunzwa ndiye anayejua kugeuza jibu hilo.

Dalili ya nne: sentensi ni sahihi, lakini msomaji ameshtuka

"Have you ever been convicted of a crime?" "Not yet."

Hakuna kosa la sarufi. Kosa ni kwamba "yet" daima hubeba matarajio. "Not yet" humwambia msomaji: halijatokea, litatokea, ngoja. Mtu aliyejibu hivyo ameonekana kama anayepanga uhalifu.

Sababu ya kwanza ni adabu ya Kiswahili. "Umewahi kufika ng'ambo?" "Bado." Tunapenda kuacha mlango wazi kuliko kuufunga kwa "hapana", na kwa safari jambo hilo linafaa hata kwa Kiingereza: "Not yet" hapo linasema una hamu. Sababu ya pili ni kuchanganya maswali mawili. Swali lenye "ever" linauliza maisha yako yote. Jibu lake la kukanusha ni "No" au "Never". Swali lenye "yet" linauliza jambo linalotarajiwa. Jibu lake la kukanusha ni "Not yet".

Kipimo: je, ningependa jambo hili litokee? Kama hapana, "yet" lisiwepo karibu. "I have never been arrested." "I have never had surgery." Kwa ndoa na watoto, uamuzi ni wako: "I'm not married" ni taarifa tupu, "I'm not married yet" ni taarifa yenye matumaini ndani yake, na msikilizaji anaweza kuuliza lini.

Hitilafu hii hutokea upande wa usomaji pia. Barua ikisema "No decision has been made", hujui kama uamuzi unakuja. Ikisema "No decision has yet been made", umeambiwa kwamba suala liko mezani na uamuzi unatazamiwa. Msomaji anayeruka neno hilo dogo amekosa habari yenyewe. Vivyo hivyo "We do not offer this service yet" inakuambia urudi baadaye; bila "yet" inakuambia utafute kwingine.

Dalili ya tano: "before he has not arrived"

Hii ni tafsiri ya moja kwa moja ya "kabla hajafika". Kiswahili hutumia kikanushi baada ya "kabla" kwa mantiki nzuri kabisa: wakati huo alikuwa hajafika. Kiingereza kinaona "before" limeshabeba ukanushi huo. Futa "not" na urudishe kitenzi kwenye umbo lake la kawaida: "before he arrives" kwa yajayo, "before he arrived" kwa yaliyopita. Na usiongeze "yet" hapo. Ukishafuta "not", sentensi imepona.

Dalili ya sita: "It is yet five minutes"

Umetaka kusema "bado dakika tano". Hapa "bado" lina maana ya kubakia, na wala "yet" wala "still" si neno la kuanzia. Kiingereza husema "five minutes left" au "five minutes to go". "Bado siku tatu" ni "three days to go". "Bado watu wawili", ukimaanisha hawajafika, ni "two people are still to come". "Bado kidogo tufike" ni "we're nearly there", na humo hakuna "bado" ya aina yoyote.

Dalili ya saba: "I have eaten yet"

Hili huwapata wanaojua kwamba "yet" huenda na "have" lakini wakasahau kwamba katika sentensi ya kawaida linahitaji swali au ukanushi. Kwa sentensi ya kukubali, ile -mesha- yetu, neno ni "already": "I have already eaten", nimeshakula.

Katika maswali, yote mawili yanaingia, kwa maana tofauti. "Have you eaten yet?" ni swali la kawaida la kutaka kujua. "Have you eaten already?" lina mshangao: kumbe umeshakula, mapema hivi? Mwenyeji wako akikuuliza la pili, huenda alikuwa akikungojea mle pamoja.

Ukisikia "Did you eat yet?", usidhani msemaji amekosea. Katika mazungumzo ya Marekani wakati uliopita sahili hutumika sana na "yet" na "already". Uingereza hupendelea "Have you eaten yet?" Kwa mtihani au barua rasmi, shika umbo la "have": linakubalika kote. Kwa hiyo "I didn't receive it yet" katika insha ligeuze liwe "I haven't received it yet".

Dalili ya nane: "I have not yet to receive the goods", au mkataba usioeleweka

"I have yet to receive the goods" maana yake ni "sijapokea bidhaa". Halina "not" popote, na bado ni ukanushi. Ndiyo maana mwandishi anahisi kitu kimepungua, anaongeza "not", na sentensi inapoteza maana.

Kagua: je, baada ya "yet" kuna "to" na kitenzi? Kama ndiyo, "not" liondoke. Chagua moja kati ya "I have not yet received" na "I have yet to receive". La kwanza ni jepesi zaidi, nami ningekushauri ukae nalo katika maandishi yako. La pili ulijue ili ulisome, kwa sababu nyaraka rasmi zimejaa mifano yake: "the amount has yet to be agreed", kiasi hakijakubaliwa, "a date is yet to be set", tarehe haijapangwa. Msomaji asiyeona "not" huweza kuapa kwamba kiasi kimekubaliwa.

Angalia pia jozi hii, inayohusu fedha moja kwa moja. "Not yet paid" ni deni ambalo halijalipwa. "Not yet due" ni deni ambalo siku yake ya kulipwa haijafika. Mtu wa kwanza anaweza kuwa amechelewa. Wa pili hajachelewa hata kidogo. Ukiambiwa "your payment is not yet due", hukulaumiwa.

Simama hapa ikiwa sentensi iko ndani ya mkataba, hati ya mahakama, bima au mkopo, na saini yako inatakiwa. Usijitafsirie mwenyewe, wala usitegemee programu ya kutafsiri kwa sentensi za namna hii. Peleka kwa wakili anayefanya kazi kwa lugha hiyo, au kwa mfasiri anayetambulika, na umwonyeshe mstari wenyewe unaokutatiza.

Dalili ya tisa: "yet" limejitokeza pasipo suala la wakati

Umekutana na "He was tired, yet he kept walking", ukajaribu kuingiza "bado", ikakataa. Hapa "yet" ni kiunganishi, "hata hivyo" au "lakini". Dalili yake ni koma mbele yake, au kukaa mwanzoni mwa sentensi. Kati ya sifa mbili zinazopingana hufanya kazi hiyohiyo: "small yet strong", kidogo lakini chenye nguvu.

Katika kuandika, kosa la kawaida ni "Although he was tired, yet he kept walking", kwa mfano wa "ingawa… lakini…" yetu. Kiingereza cha leo hutaka moja tu: ama "although", ama "yet". Waliozoea Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watasema wameona yote mawili pamoja, na ni kweli: "Though he slay me, yet will I trust in him", Ayubu 13:15. Huo ni mtindo wa karne zile, na una uzuri wake. Katika barua ya kuomba kazi utaonekana mgeni. "But yet" nalo punguza, "but" linatosha.

Kuna pia "yet" la kukubali ambalo halina "not" wala swali: "there is hope yet", matumaini yapo bado, "yet a little while", bado kitambo kidogo. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilibeba hata maana ambayo leo imechukuliwa na "still", na mabaki hayo yamesalia katika maandiko na misemo. Yatambue unaposoma. Usiyaige mpaka uwe umeyasikia mara nyingi. Misemo ya leo iliyo hai ni michache na salama: "the best yet", bora kuliko yote mpaka sasa, "yet another", mwingine tena, "yet again", kwa mara nyingine tena, kwa sauti ya kuchoka.

Umejaribu yote na sentensi bado haikai

Toa "yet" kabisa usome upya. "I have not received the letter" ni sentensi nzima, nayo itakufikisha. Ikihitaji wakati, weka tarehe: "As of 5 March, I have not received the letter." Tarehe haina matarajio ya kufichwa wala sauti ya lawama, na katika mgogoro wa malipo au ajira ina nguvu kuliko kielezi chochote. Kama hata hapo huna hakika na uzito wa barua ni mkubwa, kwa mfano ya kujibu tuhuma kazini, kupinga uamuzi wa viza au kumweleza daktari ugonjwa wa mtoto, iandike kwa Kiswahili safi kwanza, kila jambo na wakati wake, kisha umpe mfasiri Kiswahili hicho badala ya Kiingereza ulichokwisha kukitia viraka.